Nafasi ya Msanii na Nafasi ya Mpangaji: Maonyesho ya Pamoja ya Jamii katika Afrika Mashariki

Neno nafasi ni pana mno katika Kiswahili. Husemwa mtu hana nafasi, yaani hana wakati. Husemwa nyumba haina nafasi, yaani imejaa. Na husemwa kijana amepata nafasi, yaani amefunguliwa mlango ambao hapo awali ulikuwa umefungwa. Maana hizi tatu hukutana pahali pamoja katika tukio ambalo wahakiki wa fasihi hawajalishughulikia vya kutosha, nalo ni maonyesho ya pamoja ya uchoraji na uchongaji yanayoandaliwa na jamii yenyewe. Mchoraji anayealikwa kushiriki hupewa sehemu ya ukuta, hupewa majuma mawili au matatu, na hupewa fursa ya kuonekana. Hata hivyo, katika ukumbi uo huo kuna nafasi nyingine isiyotangazwa sana: nafasi ya yule anayeamua ni picha ipi itundikwe, itundikwe wapi, iwe jirani ya picha gani, na iambatane na maneno gani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki nafasi ya kwanza imepatikana kwa kiasi cha kuridhisha, ilhali ya pili imekuwa adimu. Na kwamba maonyesho ya pamoja ya jamii ndiyo shule ambamo nafasi hiyo ya pili inaweza kupatikana bila kusubiri hisani ya mtu.

Kiswahili hakijakubaliana juu ya istilahi moja ya kumtaja anayefanya kazi hiyo. Wapo wamwitao msimamizi, wapo wamwitao mratibu, na wapo wamwitao mteuzi. Kila neno lina upungufu wake. Msimamizi husimamia hata mjengo wa ghorofa. Mratibu huratibu hata mkutano wa hadhara. Naye mteuzi kazi yake huisha mara tu akishateua. Makala haya yanatumia neno mpangaji, kwa kuwa kupanga ndiyo kazi yenyewe. Neno hili nalo halikosi kijembe ndani yake. Mpangaji ni yule anayepanga vitu vikapangika, lakini pia ni yule anayeishi katika nyumba ya mwingine na kulipa kodi kila mwisho wa mwezi. Utata huu wa maana unafaa sana kwa mjadala uliopo, kwani swali la msingi ni iwapo wanaopanga maonyesho ya sanaa za eneo hili wamo katika nyumba yao wenyewe au wamo katika nyumba ya kupanga.

Inafaa kwanza kuieleza kazi hiyo, maana wengi hudhani kwamba ni kugongomea misumari tu. Siku chache kabla ya kufunguliwa kwa maonyesho ya pamoja, ukumbi huwa kama uwanja wa harusi ambayo bibi arusi hajulikani. Mmoja ameleta picha tano ilhali aliombwa mbili. Mwingine ameleta picha ambayo rangi yake haijakauka. Wa tatu hataki kazi yake iwe karibu na choo, na wa nne hataki iwe karibu na ya yule wa tatu. Kila mtu anautaka ukuta unaotazamana na mlango, kwa maana huo ndio unaokutana na macho ya mgeni mwanzo. Mpangaji hana budi kusuluhisha yote hayo, na kila suluhisho lake ni tamko la kihakiki hata kama mwenyewe halitambui. Akiiweka picha ya soko kando ya picha ya mazishi, amekwisha kuzungumzisha kazi mbili ambazo waliozichora hawakuwa wamezungumza. Akiitundika picha ndogo peke yake kwenye ukuta mpana, amemwambia mtazamaji asimame. Akiandika kwenye kibandiko kwamba mchoraji fulani “hakusomea sanaa”, amekwisha kuamua jinsi picha hiyo itakavyosomwa kabla haijatazamwa.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kazi hii si ngeni. Ni kazi ya mhariri wa diwani au wa mkusanyo wa hadithi fupi. Mfano ulio bayana ni ule wa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake zilitufikia kwa sababu kuna waliozikusanya baadaye katika karne hiyo ya kumi na tisa, hasa mmishonari W. E. Taylor akisaidiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa aliyezijua tungo hizo pamoja na matukio yaliyozizaa. Diwani ilipochapwa mwaka 1940, mhariri wake alikuwa William Hichens. Ilichukua muda mrefu, hadi kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979, kwa mashairi hayo kupangwa na kufafanuliwa kwa kina na mtaalamu aliyekulia katika utamaduni uleule wa Mombasa. Hapana anayesema kwamba Taylor na Hichens hawakufanya kazi ya maana. Pasipo hao huenda mengi yangepotea. Linalosemwa ni kwamba jina la Muyaka lilikuwa na nafasi yake tangu mwanzo, bali jina la Sikujua, ambaye kwa haki alikuwa mpangaji wa kwanza wa diwani hiyo, lilibaki kujulikana na wataalamu wachache. Mshairi alionekana, aliyemfafanua hakuonekana. Hali hiyohiyo imejirudia katika uchoraji.

Ni muhimu kukumbuka kwamba historia ya maonyesho katika Afrika Mashariki huru ilianza kwa matumaini makubwa, na kwamba wakati huo mpangaji wa picha na mpangaji wa maneno walikaa chini ya paa moja. Kituo cha Chemchemi kilipoanzishwa Nairobi mwaka 1963, kiliongozwa na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na shughuli za uchoraji humo zilikuwa mikononi mwa Elimo Njau. Njau, mzaliwa wa Marangu katika Kilimanjaro na mwanafunzi wa Makerere, alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa picha tano za ukutani alizochora katika kanisa la Murang'a mwaka 1959, ambamo maisha ya Yesu yamewekwa katika mandhari ya Ugikuyu, kwenye vilima na migomba yake. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo jina lake lenyewe ni mchezo wa maneno: paa ni mnyama, kupaa ni kuruka juu, na paa ni kilele cha nyumba. Miongoni mwa waliohusika na mwanzo wa jumba hilo ni mshairi na mhariri Jonathan Kariara na mchoraji Terry Hirst. Rebeka Njau, mwandishi wa tamthilia na riwaya, naye alikuwa sehemu ya maisha ya jumba hilo. Kwa hiyo wazo la kwamba wenyeji wa eneo hili waweza kuchagua, kupanga na kueleza sanaa yao wenyewe si wazo jipya. Lilikuwapo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru.

Mbona basi halikuota mizizi kama ilivyotarajiwa? Jibu moja ni fedha, na jibu la pili ni kumbukumbu. Paa ya Paa ilihama kutoka katikati ya jiji hadi Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu, na mwaka 1997 moto ukateketeza kazi nyingi zilizohifadhiwa humo. Hasara ya picha iliumiza kila mtu, kwa kuwa picha huonekana. Hasara nyingine haikuonekana upesi. Maonyesho yanapokwisha bila kitabu kilichochapishwa, bila orodha ya kazi, na bila maelezo ya kwa nini kazi hizi ziliwekwa pamoja, uamuzi wa mpangaji hutoweka siku picha zinapoteremshwa. Shairi likipotea katika nakala moja laweza kupatikana katika kumbukumbu ya mwimbaji. Mpango wa ukuta hauna mwimbaji.

Kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, jumba lingine lilichukua nafasi kubwa katika jiji la Nairobi. Hili ni Gallery Watatu, lililopewa jina hilo kwa kuwa waanzilishi wake, Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, walikuwa watatu. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 1996, jumba hilo liliongozwa na Ruth Schaffner, na katika miaka hiyo wachoraji wengi wa eneo hili walipata wanunuzi ndani na nje ya nchi: Jak Katarikawe kutoka Uganda, Sane Wadu kutoka Ngecha, Meek Gichugu, Kivuthi Mbuno na wengineo. Mhakiki mwadilifu hawezi kuubeza mchango huo. Kuna wasanii waliojenga nyumba na kusomesha watoto kutokana nao. Hata hivyo, nafasi waliyoipata ilikuwa ile ya kwanza tu. Wengi wao walijumlishwa katika kundi la wachoraji “waliojifunza wenyewe”, na sifa hiyo ikawa kama chapa juu ya bidhaa. Sane Wadu alikuwa mwalimu kabla ya kuiacha chaki akashika burashi. Lakini katika mantiki ya soko, kutosomea uchoraji kulikuwa na uzito kuliko yote aliyoyasoma na kuyafundisha. Katarikawe naye, aliyefariki mwaka 2018, alichora ng'ombe na watu waliobeba visa vizima vya mapenzi, wivu na ndoto. Visa hivyo vilihitaji mtu anayezijua ngano ili avieleze. Badala yake vilielezwa mara nyingi kama ushahidi wa utoto wa roho. Neno moja la mpangaji lilitosha kumgeuza msimuliaji akawa mtoto.

Ni katika muktadha huo ambapo vyama vya wasanii vilivyochipuka vijijini katika miaka ya 1990 vinapaswa kueleweka. Mwanzoni mwa muongo huo, Shine Tani, aliyekuwa mchezaji sarakasi kabla ya kuwa mchoraji, aliwaleta pamoja wenzake katika Banana Hill. Mwaka 1995 wachoraji wa Ngecha, karibu na Limuru, wakiwamo Sane Wadu, Eunice Wadu na Wanyu Brush, waliunda chama chao. Mwaka huohuo Kuona Trust ilianza kazi ndani ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ikiwapa vijana karakana na warsha. Mambo haya huhesabiwa kwa kawaida kuwa historia ya wasanii kupata pahali pa kuchorea. Kwa kweli yalikuwa pia historia ya watu kujifunza kupanga. Chama cha kijiji hakina fedha za kumwajiri mtaalamu kutoka mbali. Mmoja wao hana budi kuandika orodha, mwingine hana budi kukadiria bei, mwingine hana budi kumwambia rafiki yake kwamba picha yake haifai kutundikwa mara hii. Yule anayeweza kulitamka jambo hilo la mwisho bila urafiki kuvunjika, na bila uongo, amekwisha kuingia katika kazi ya uhakiki.

Upande wa Tanzania unatoa funzo lenye sura tofauti. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao laini za mraba, akauawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyokusudiwa mtu mwingine. Wanafunzi na jamaa zake hawakutawanyika. Waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Mwaka uleule wa kifo chake, Nyumba ya Sanaa ilianzishwa jijini humo, ikawapa vijana wengi ufundi na riziki. Ushirika wa Tingatinga ni ushahidi kwamba maonyesho ya pamoja yaweza kudumu kizazi hata kizazi pasipo mfadhili mmoja. Lakini pia unaonyesha hatari iliyopo pale ambapo mpangaji wa kweli ni mtalii. Iwapo anayeamua ni picha ipi itundikwe mbele ni mfuko wa mpita njia, chui na tembo watatundikwa mbele kila siku, na yule kijana aliyejaribu jambo jipya atatundikwa nyuma ya mlango. Tangu mwaka 2008, Nafasi Art Space, iliyoko Mikocheni, imejaribu njia nyingine ya kuwapa wasanii karakana na ukumbi. Jina lake linathibitisha kwamba wengine pia wameusikia utajiri wa neno lile lililotajwa mwanzoni.

Gharama ya kukosa wapangaji ilidhihirika wazi katika maonyesho ya kimataifa ya Venice, ambako nchi nyingi huwa na mabanda yao. Mwaka 2013 Kenya ilikuwa na banda, lakini waliolipanga hawakuwa Wakenya, na wengi walioonyesha humo walikuwa wasanii wa Uchina na Italia. Mwaka 2015 orodha ya namna hiyohiyo ilitangazwa tena. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele, wakatia sahihi barua ya kupinga, naye Michael Soi akachora mfululizo wa picha za kejeli juu ya aibu hiyo. Serikali hatimaye ililikana banda hilo. Tukio hili limezungumzwa zaidi kama wizi wa jina la taifa, na ni kweli. Lakini ukilitazama kwa makini, utaona kwamba halikutokea kwa sababu Kenya ilikosa wachoraji. Wachoraji walikuwapo tele. Kiti kilichokuwa kitupu ni kile cha mpangaji, na asiyekuwapo na lake halipo.

Yaliyofuata yanaithibitisha hoja hii kwa upande wa heri. Mwaka 2017 banda la Kenya lilipangwa na Jimmy Ogonga, msanii aliyekuwa amefanya kazi ya kuandaa shughuli za sanaa Nairobi kwa miaka mingi. Walioonyesha walikuwa Arlene Wandera, Mwangi Hutter, Paul Onditi, Peterson Kamwathi na Richard Kimathi, na ukumbi wao ulikuwa shule isiyotumika katika kisiwa cha Giudecca. Mwaka 2022 Ogonga alipanga tena, mara hii kwa kazi za Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani. Katika miaka iyo hiyo, mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, aliteua kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, miongoni mwao Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Sane Wadu. Uteuzi huo uliitwa Mwili, Akili na Roho. Ulionekana Munich mwaka 2020, kazi kadhaa zikaonekana London mwaka 2021, kisha ukaletwa Nairobi. Wachoraji walewale waliowahi kutajwa kama watu wasiosoma sasa walitajwa kama mababu wa mapokeo. Picha hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mpangaji.

Yafaa hapa kuikabili hoja ya upinzani, maana ina uzito. Wapo wasemao kwamba maonyesho ya pamoja ya jamii hayawezi kuwa shule ya uteuzi kwa sababu jamii haiteui. Katika maonyesho ya namna hii kila mwanachama hutaka kuonekana, na kumkataa jirani ni kutafuta uhasama. Matokeo yake ni ukuta uliojaa kama daladala, kazi bora ikibanwa na kazi hafifu, na mtazamaji akitoka bila kujua alichokiona. Hoja hii si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba wema wa kupokea na ukali wa kuchagua ni mambo yanayovutana, na kwamba mpangaji anayeishi kijijini na wasanii wake hana ukuta wa kujifichia. Atakutana na aliyemkataa kesho yake dukani.

Hata hivyo, huo mvutano ndio unaomfunza. Mpangaji atokaye mbali hukataa kwa barua, na barua haihitaji sababu. Mpangaji wa jamii hulazimika kutoa sababu ana kwa ana, kwa lugha ambayo aliyekataliwa anaielewa. Kadiri anavyotoa sababu ndivyo vigezo vyake vinavyokuwa wazi, kwake na kwa wengine. Fasihi ya Kiswahili inaujua utaratibu huu. Malenga waliojibizana kwa mashairi barazani, na baadaye katika kurasa za magazeti, walihukumiwa na watu waliowafahamu. Hukumu hizo zilikuwa kali, lakini zilitolewa kwa vigezo vilivyojulikana na wote: vina, mizani, muwala na uzito wa wazo. Uchoraji wa eneo hili haujajijengea bado msamiati wa namna hiyo katika lugha ya watu wake. Hautajengwa na vitabu peke yake. Utajengwa katika mabishano ya siku ile kabla ya ufunguzi, pale mtu anapolazimika kueleza kwa nini picha hii imekaa na ile haijakaa.

Suala la lugha lina nafasi ya pekee katika mjadala huu. Maelezo ya ukutani katika maonyesho mengi ya Nairobi huandikwa kwa Kiingereza. Sababu zinazotolewa zinaeleweka: mnunuzi ni mgeni, mfadhili ni mgeni, na mwandishi wa gazeti ataandika kwa Kiingereza. Lakini athari yake ni kwamba mzazi wa msanii, aliyekuja kwa matatu kutoka kijijini kumwona mwanawe akitukuzwa, husimama mbele ya picha na maneno yaliyomo kando yake asiyaelewe. Ajabu ni kwamba utamaduni wa pwani haukuwahi kuitenga picha na neno. Kanga huwa na pindo, huwa na mji wake, na huwa na jina. Kanga isiyo na jina huhesabiwa kuwa pungufu, na mwanamke anayenunua husoma kwanza ndipo akalipa. Milango ya kuchonga ya Lamu na Zanzibar nayo hubeba maandishi katikati ya nakshi. Katika mapokeo hayo maneno ni sehemu ya kazi yenyewe. Mpangaji anayeandika kibandiko kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama ya wanakijiji inapofaa, hafanyi hisani. Anaurejesha mpango ambao mafundi wa kale waliuelewa.

Hapa ndipo idara za fasihi zinapoingia. Wahariri wa mikusanyo ya hadithi fupi wamekwisha kuonyesha nguvu ya kazi ya kupanga. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed mwaka 2007, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016, ni maonyesho ya pamoja kwa maana kamili. Waandishi waliozoeleka waliwekwa bega kwa bega na wale ambao wanafunzi hawakuwa wamewasikia, na kwa kuwa mikusanyo hiyo ilitahiniwa katika shule za sekondari, wale wasiosikika wakasikika nchi nzima. Kila mwalimu aliyefundisha vitabu hivyo amelazimika kuuliza kwa nini hadithi hii inafuata ile. Mwalimu huyo ana zana zote zinazohitajika katika ukumbi wa picha isipokuwa mazoea ya kuingia humo.

Mambo machache yanaweza kutendwa pasipo kusubiri bajeti ya taifa. Kwanza, kila maonyesho ya pamoja yanayoalika wasanii wa eneo fulani yaalike pia, kwa tangazo lilelile na kwa masharti yaliyo wazi, mpangaji mmoja kijana wa kujifunza chini ya mzoefu, na jina lake liandikwe ukutani pamoja na majina ya wachoraji. Pili, mpangaji alipwe. Kwa kawaida msanii hutarajia mauzo, na mwenye ukumbi hutarajia sehemu yake ya mauzo hayo. Mpangaji wa jamii hutarajia shukrani, na hakuna aliyelipa kodi ya nyumba kwa shukrani. Tatu, kila maonyesho yaache kijitabu, hata kiwe cha kurasa nane, chenye orodha ya kazi, vipimo vyake, na maelezo mafupi ya sababu za uteuzi, na nakala iwekwe katika maktaba mbili au zaidi ili moto mmoja usitoshe kuifuta historia. Nne, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili aruhusiwe kuandika tasnifu juu ya maelezo ya ukutani, majina ya picha na mazungumzo ya wasanii, kama vile anavyoruhusiwa kuandika juu ya majina ya kanga. Tano, wapangaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wabadilishane. Wachoraji wa eneo hili wamevuka mipaka tangu zamani. Njau alitoka Marangu akaja Nairobi. Musoke na Katarikawe walitoka Uganda wakaishi na kuchora Kenya kwa miaka mingi. Ni wakati wa kazi ya kupanga kuvuka vilevile.

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa sana katika ufunguzi wa maonyesho, na kwa kawaida anayekusudiwa ni mchoraji. Lakini ngoma haichezwi na mchezaji peke yake. Yuko aliyeita wachezaji, aliyeamua nani atangulie, na aliyewaeleza watazamaji maana ya hatua wanazoziona. Wasanii wa Afrika Mashariki wameonyesha kwa zaidi ya nusu karne kwamba ukuta wakipewa wataujaza. Iliyobaki ni kazi ya wale wanaoishi jirani nao na kuijua lugha yao kujifunza kupanga, kukosea mbele ya watu wanaowafahamu, kupanga tena, na kuacha maandishi. Wakifanya hivyo, mpangaji atakuwa amebaki na maana moja tu kati ya zile mbili.